Vidonge Kumi na Vinne

Mama alipata kiharusi mwezi wa Rajabu, akalala kitandani miezi kumi na moja. Nyumba yetu ya hapa Ngamiani, Tanga, ina vyumba vitatu. Chake kikawa kile cha karibu na jiko, na mlangoni nikatundika kaunta buku kwa kamba ya katani. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutoka vidonda mgongoni na nyongani, kwa hiyo nesi alituagiza tumgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Nikawa naandika: saa nne kulia, saa sita kushoto, saa nane kulia, saa kumi kushoto. Mchana alikuwepo wifi yangu. Usiku nilikuwa mimi.

Alipofariki tulimzika, tukasoma khitma, arobaini ikapita. Kitanda chake tulimpa jirani. Ila saa nane usiku mimi macho kodo. Naamka kama niliyeitwa jina, miguu iko chini inatafuta kandambili, na nimeshafika nusu ya ukumbi ndipo nakumbuka kwamba hakuna wa kumgeuza. Nikirudi kitandani sipati tena hata lepe la usingizi mpaka adhana. Baada ya wiki chache na mwanzo wa usiku nao ukaharibika. Naingia kitandani saa nne, saa sita bado nasikiliza mbwa wa mtaa wa pili.

Wa kwanza kuona alikuwa mwanangu, niliyemfokea kwa kuangusha kijiko. Kijiko tu. Kazini niliandika zoezi lile lile ubaoni mara mbili, la pili chini ya la kwanza, na kidato cha pili wakalinakili lote bila kuuliza. Nilitia chumvi kwenye chai ya wageni.

Kila mtu akawa na dawa yake. Shangazi yangu mkubwa aliniletea maziwa ya moto yenye kungumanga. Wifi akanipa Piriton, kama wanavyofanya wengi mjini hapa. Ni dawa ya mzio na kusinzia ni madhara yake tu, lakini imekuwa dawa ya usingizi ya maskini na tajiri. Nilisinzia kweli, nikaamka na mdomo mkavu kama nimekula majivu, saa nane ile ile. Shangazi mdogo alisema kuna jambo limebaki katika chumba kile, akamleta mwalimu wa kusoma dua. Nilisomewa, nikafarijika, nikalia sana. Sijutii. Ila saa nane ilipofika nilikuwa ukumbini na kandambili zangu.

Mwezi wa tatu nilikwenda kwa daktari. Alikuwa kijana wa rika la wanafunzi wangu wa kwanza kwanza. Aliposikia kazi yangu akasimama kidogo: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikakaa nikisubiri aandike dawa. Hakuandika. Aliuliza maswali mpaka nikaanza kuchoka: nalala saa ngapi, naamka mara ngapi, nakoroma? Mume wangu amewahi kusikia pumzi yangu inakatika nikiwa usingizini? Kuna dawa nyingine natumia, hasa za maumivu? Pombe je? Nimewahi kufikiria kujidhuru? Alipima presha, akachukua damu akaangalie tezi ya shingoni. Wakati ule niliona ananipotezea muda. Baadaye ndipo nilielewa kwamba kila swali lilikuwa mlango anaoufunga: dawa za usingizi hupunguza nguvu ya kupumua, na mtu anayekabwa pumzi usiku, au anayekunywa pombe, au aliye kwenye dawa kali za maumivu, anaweza kulala asiamke.

Mwisho akaandika zolpidem ya miligramu 5, vidonge 14. Kimoja usiku, nikiwa tayari kitandani, taa imezimwa, na nina saa saba au nane za kulala mbele yangu. Nilipoona nambari 5 nikamwambia daktari kwamba mwenzangu kazini alipewa 10, au mimi nimeonekana mgonjwa wa bei rahisi? Akacheka. Mwili wa mwanamke, alisema, huitoa dawa hii taratibu zaidi kuliko wa mwanamume. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa wakipewa kipimo kimoja na wanaume, wanaamka, wanashika usukani, kumbe dawa bado iko kwenye damu. Mwaka 2013 ndipo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipotaka kipimo cha wanawake kishushwe hadi 5.

Kisha akageuza pakiti, akaandika kwa kalamu nyekundu: USIRUDIE. "Hiki ni kivuko, mwalimu," akasema. "Umewahi kwenda Pangani? Unapanda, unavuka, unashuka. Hakuna anayehamia ndani ya kivuko." Alipenda mifano, kijana yule. Akaongeza kitu kuhusu usiku wa kwanza na wa pili baada ya kumaliza, nikaitikia kwa kichwa huku nikitafuta nauli ya bajaji kwenye pochi.

Usiku wa kwanza nilimeza kidonge, nikahesabu mbao za dari, na nilichosikia baada ya hapo ni adhana ya alfajiri. Nilikaa kitandani nimeshika shuka, nikaogopa kusimama nisije nikaharibu. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu, nimelala. Siku ile nilipika, nikafundisha vipindi vitano, nikamcheka mpishi wa shule. Kwa hiyo nikisimulia yatakayofuata, asije mtu akadhani naitukana dawa. Vidonge vile vilinipa wiki mbili za kuwa mtu, na nilikuwa nimekaribia sana kutokuwa mtu.

Kosa la kwanza lilikuwa usiku wa tisa. Nilikuwa na rundo la insha za kusahihisha, nikaona nimeze kidonge kabisa ili nikimaliza usingizi uwe umeshafika. Sikumbuki nilivyomaliza. Asubuhi madaftari yalikuwa yamepangwa vizuri mezani, yote yamesahihishwa, nikamshukuru Mungu. Saa ya mapumziko mwanafunzi mmoja, binti mpole asiyezoea kuja ofisini, alisimama mlangoni na daftari lake. "Mwalimu, samahani. Umenipa 38." Insha ile ilikuwa ya alama 20. Nikafungua mengine. Vema zilianza kwenye mstari na kuishia nje ya ukurasa, juu ya meza ya watu. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa "Vizuri sana", na mmoja, mvivu kuliko wote, "Vizuri sana mwanangu, Mungu akuweke". Mwandiko ni wangu. Nilisahihisha upya darasa zima na sikumwambia mtu, daktari ndiyo kabisa. Nilipokuja kumwambia, miezi baadaye, hakucheka. Wapo waliomeza dawa za aina hii wakapika, wakatoka nje, wakaendesha gari, bila kukumbuka lolote, na wengine walikufa. Mwaka 2019 Wamarekani waliamuru onyo hilo liwekwe ndani ya kisanduku kwenye karatasi ya dawa. Angenisimamishia siku ile ile, alisema.

Kidonge cha 14 kiliisha Alhamisi. Ijumaa usiku sikulala kabisa. Si kwamba nilirudi kwenye ile hali ya zamani. Nilikuwa chini yake. Hata zile saa mbili tatu za mwanzo zilikataa. Moyo unadunda, mto unawaka moto, nageuza upande wa pili nao unawaka. Hicho ndicho alichokuwa akinieleza wakati natafuta nauli: ukiacha, usingizi hukorofika siku moja mbili, mbaya kuliko mwanzo, halafu hutulia wenyewe. Ni mwili unalalamika kunyang'anywa. Mimi nilichukua malalamiko yale kama ushahidi kwamba bila dawa siwezi. Sikungoja hata Jumapili.

Duka la dawa liko kona ya pili kutoka nyumbani. Kwa sheria dawa hizi haziuzwi bila cheti cha daktari. Nilijua, na aliyekuwa kaunta alijua pia. Nilimwonyesha pakiti tupu, upande wa maandishi mekundu nikiuziba kwa kidole gumba. Akasema hiyo hana, ila ana diazepam. "Hii ndiyo ile ile, mama. Tena hii imezoeleka, wazee wote wanaijua." Hilo la wazee ni kweli. Ilianza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, na bibi yangu alikuwa akilitaja jina hilo kama anataja jina la mkwe. Nikafungiwa vidonge kumi ndani ya bahasha ndogo ya kaki.

"Ile ile" ni neno lililonigharimu miezi minne. Daktari alinieleza baadaye kwa mfano wake mwingine. Dawa zote mbili hushika kufuli moja kwenye ubongo na kuipa nguvu ile kemikali inayotuliza. Lakini zolpidem hupungua nusu mwilini kwa saa mbili au tatu, kukipambazuka sehemu kubwa imeshaondoka. Diazepam huchukua siku moja hadi mbili kupungua nusu, na inapovunjika huacha mabaki nayo yanayofanya kazi, yakikaa muda mrefu zaidi. Ukimeza kila usiku, cha leo kinakikuta cha juzi bado kimekaa sebuleni. Mimi nilidhani nameza miligramu 5.

Nililala, hilo sikatai. Ila mchana wangu wote ukawa na ukungu. Siku ya mtihani wa majaribio nilikuwa msimamizi, nikaegemea dirisha nitazame chumba chote vizuri. Kilichoniamsha ni sauti ya mwanafunzi: "Mwalimu, muda umekwisha." Wote wameweka kalamu chini, wananitazama. Siku nyingine mbele ya darasa nilitaka kusema "kitenzi kishirikishi". Ninafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na tisa huu. Neno likakataa kuja. Nikasimama na chaki mkononi, nikakohoa, nikawaambia wafungue kitabu wasome kimya kimya.

Bahasha ile ya vidonge kumi ikafuatwa na nyingine, na nyingine. Wiki ya sita kidonge kimoja kikawa hakitoshi. Nikikimeza nalala saa tatu nne tu. Usiku mmoja nikameza viwili, kesho yake tena viwili. Ya tatu nikajikuta natoa cha tatu kwenye kadi, saa nane usiku, jikoni gizani, kwa mkono unaojua njia. Niliogopa. Nikaenda chooni nikavitupa vyote shimoni.

Sasa sikiliza ujanja wa dawa inayokawia kutoka. Usiku ule nililala. Wa pili nililala, wa tatu pia, nikamtambia mume wangu kwamba watu wanakuza mambo, kuacha ni kuamua tu. Siku ya tano, kipindi cha kwanza, chaki ilianza kunitetemeka kidoleni. Mchana nikatoka jasho nikiwa nimekaa chini ya feni. Sauti zote zikawa kali: mlango, sufuria, mwanangu anavyotafuna. Usiku moyo ulikwenda mbio mpaka nikamwamsha mume wangu, nikamwambia nakufa, nipeleke. Shangazi mdogo angekuwepo angesema nilimwambia, na usiku ule ningemkubalia.

Alfajiri tulikuwa kwa daktari yule kijana. Nilieleza yote, la 38 na la kidole gumba. Nilitegemea karipio, kwa sababu mimi ningekaripia. Akaniuliza tu vingapi, kwa muda gani, na nilitupa siku gani. Akasema nilichokosea safari hii ni kuacha ghafla. Mwili uliozoea dawa hii wiki nyingi ukinyang'anywa kwa siku moja unaweza hata kuangusha mtu kwa degedege. Kwa hiyo, na hili ndilo lililonichoma, alinirudishia diazepam. Kidonge kimoja, wiki mbili. Halafu robo tatu, wiki mbili. Halafu nusu. Halafu robo. Kila Jumatatu naenda anione, na kadi ya dawa ishikwe na mume wangu.

Kidonge chenyewe hakizidi punje ya dengu. Kila jioni mume wangu alikiweka kwenye kisahani cha kahawa, anawasha tochi ya simu, anakikata kwa wembe mpya huku ameuma ulimi kama mtu anayetunga uzi sindanoni. Nusu hukatika vizuri. Robo ni vita: hupasuka, nyingine huruka chini ya kabati, nyingine hugeuka vumbi, tunabishana kama vumbi lile ni robo au ni pungufu. Kila hatua ilikuja na siku tatu nne mbaya, kisha hutulia. Safari hii nilizingoja.

Lakini kupunguza dawa ilikuwa nusu ya kazi, kwa sababu chini ya dawa ile saa nane ilikuwa bado iko pale pale. Daktari aliniambia nianze kuandika usingizi wangu: nimeingia saa ngapi, nimelala saa ngapi, nimeamka saa ngapi. Nina daftari? Nikamwambia ninalo. Kaunta buku ya mama ilikuwa imebaki na kurasa nyuma. Nikaanza ukurasa unaofuata ule wa mwisho wake, kwa kalamu ile ile ya bluu.

Wiki mbili za hesabu zilionyesha kwamba kwa usiku mmoja nakaa kitandani muda wa saa tisa na kulala saa tano tu. Akasema basi tukupe tano na nusu. Nikadhani amenisikia vibaya. Nisiingie kitandani kabla ya saa sita usiku hata kama nasinzia kwenye kochi, na saa kumi na moja na nusu nitoke, nimelala nisilale, Jumapili ikiwemo. Hakuna kulala mchana. Na nikiamka usiku, nikikaa kama robo saa bila usingizi, nitoke chumbani, nikafanye kitu cha kuchosha kwenye mwanga hafifu, nirudi pale tu macho yanapofunga. Aliniuliza kwanza kama naendesha gari au nina kifafa, maana wiki za mwanzo mtu huwa amechoka vibaya na njia hii si ya kila mtu. Madaktari wa Marekani, alisema, walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba tiba ya aina hii, ya kurekebisha mazoea na mawazo kuhusu usingizi, ndiyo ianze kabla ya kidonge chochote. Nikamuuliza mbona hakuanza nayo. Akasema: "Siku ile ungenisikiliza, mwalimu?" Nisingemsikiliza. Mtu hajalala miezi mitatu unamwambia apunguze muda wa kulala. Ningemwacha na karatasi zake nikatoka.

Kitu cha kuchosha nilichochagua kilikuwa mchele. Saa nane naamka, nangoja kidogo, natoka na ungo na taa ya kuchaji mpaka kwenye mkeka wa ukumbini, mahali ambapo zamani ndipo nilikuwa nakumbuka kwamba hakuna wa kumgeuza. Nachagua mawe, chuya upande huu, punje nyeusi upande huu. Mara ya kwanza nilimaliza kilo mbili. Nilimfikiria mama, na nadhani ndicho nilichokuwa nakikimbia kwa vidonge vyote vile, lakini mikono ikiwa na kazi nilimfikiria bila kukabwa. Wiki ya tatu nilikuwa sifikishi nusu kilo kabla kichwa hakijaanguka kifuani. Mume wangu akasema hajawahi kula wali usio na jiwe hata moja tangu anioe, na kwamba kama inawezekana nisipone haraka.

Kila wiki ambayo nililala asilimia 85 au zaidi ya muda niliokuwa kitandani, daktari aliniongezea dakika 15. Dakika 15! Nilizipokea kama nyongeza ya mshahara. Robo ya mwisho ya kidonge niliimeza ikiwa vumbi, kwa kidole kilicholowa. Wakati ule nilikuwa naruhusiwa kuingia kitandani saa tano na robo.

Shangazi mkubwa alipopata habari kwamba kuna dawa ya hospitali iliyowahi kunilaza kama gogo, alikuja mwenyewe na bajaji kuiomba. Ana miaka sabini na tano. Nilimweleza kwamba kwa umri wake dawa hizi huyumbisha mtu akienda chooni usiku, akianguka nyonga imevunjika, na mtu wa nyonga iliyovunjika anageuzwa kila baada ya saa mbili. Akanitazama, akaomba chai. Nikamwekea na kungumanga kidogo, aliyoileta mwenyewe.

Saa nane bado hunitembelea, labda mara mbili kwa mwezi, mara nyingi ikinyesha. Sikimbilii kandambili. Daftari niliacha kuliandika mwezi wa nne, zikiwa zimebaki kurasa sita. Mwanangu amezichana kwa hesabu zake, na kamba ya katani iko bado kwenye msumari wa mlango.